UKUNGU WA AKILI NA CHEMBE YA CHUMVI

Kila mwalimu aliyefundisha kwa miaka kadhaa amekutana na mwanafunzi wa namna hii. Hana utovu wa nidhamu, wala si mtoro. Hufika darasani mapema na kuketi mahali pake, macho yameelekezwa ubaoni, lakini akiulizwa swali huwa kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Neno alilolijua jana leo halimjii. Husoma aya moja mara tatu na isimwachie kitu. Katika taarifa ya mwisho wa muhula huandikiwa maneno ambayo sote tunayafahamu: "Aongeze bidii."

Hali hiyo ya akili kuwa nzito, kumbukumbu kupotea na mawazo kutoshikamana siku hizi huitwa ukungu wa akili. Jina hili si jina la ugonjwa. Ni jina la dalili, kama vile homa ilivyo dalili, na yapasa kila mara kuuliza ni nini kilichoileta. Sababu ni nyingi. Katika makala haya tutachunguza moja, nayo ni upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi. Tumeichagua kwa kuwa nchi yetu ina historia ndefu ya tatizo hili, na kwa kuwa sehemu ya dawa yake huuzwa kila siku katika Soko la Kariakoo kwa bei ambayo karibu kila nyumba huimudu.

1. Homoni ni nini?

Mwili una njia kuu mbili za kupeleka habari. Njia ya kwanza ni mishipa ya fahamu, ambayo hupeleka habari kwa haraka mno, kama simu. Njia ya pili ni damu. Tezi fulani humimina katika damu kemikali zinazosafiri mwili mzima, na kila kiungo chenye uwezo wa kuzitambua hubadili mwenendo wake. Kemikali hizo ndizo homoni. Habari yao husafiri polepole kuliko ile ya mishipa ya fahamu, lakini hudumu zaidi.

Tezi ya thairoidi ipo shingoni, mbele ya koo, na umbo lake hufanana na kipepeo aliyekunjua mabawa. Homoni yake kubwa ni thairoksini, ambayo kila molekuli yake imebeba atomi 4 za iodini. Ipo pia homoni ya pili yenye atomi 3 za iodini, na hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi katika kazi. Bila iodini hapana hata moja kati ya hizo mbili inayoweza kutengenezwa, kama vile fundi asivyoweza kujenga ukuta wa matofali bila matofali.

Tezi hii haijiamulii mambo peke yake. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo iitwayo pituitari, ambayo husimamia kiasi cha thairoksini kilichomo katika damu. Thairoksini ikipungua, pituitari humimina homoni ya kuiamsha thairoidi ifanye kazi zaidi. Thairoksini ikitosha, pituitari hupunguza amri yake. Utaratibu wa namna hii, ambapo matokeo ya kazi hurudi kuirekebisha kazi yenyewe, huitwa mrejesho.

Sasa tufikirie jambo linalotokea iodini inapokosekana katika chakula. Pituitari hutoa amri, lakini thairoidi haina malighafi. Amri huongezwa, tena na tena, na tezi hujitahidi kwa kukua ili inase kila chembe ya iodini ipitayo katika damu. Uvimbe wa shingo utokanao na jitihada hiyo ndio rovu, ambalo wengine huliita goita.

2. Thairoksini hufanya nini katika ubongo?

Thairoksini huingia katika ubongo, na humo seli zinazoihudumia mishipa ya fahamu huiondolea atomi moja ya iodini na kuigeuza kuwa ile homoni yenye nguvu. Homoni hiyo huingia hadi ndani ya kiini cha seli na kuamua ni jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze. Kwa njia hiyo hugusa namna seli zinavyotumia sukari na oksijeni, na namna zinavyowasiliana.

Kwa mtu mzima, homoni ikipungua shughuli hizi hupungua mwendo. Moyo hupiga polepole, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, uzito huongezeka na sauti hukwaruza. Mgonjwa huona baridi pale ambapo wenzake wanatokwa jasho. Mtu avaaye sweta katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa Januari, huku akilalamika kwamba akili imemwia nzito, anastahili kupimwa kabla ya kuchekwa. Fikra nazo hupungua mwendo, kwa maana ubongo ni kiungo kama viungo vingine, nao hutegemea homoni hiyohiyo.

Madaktari walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1873 daktari William Gull wa London alieleza habari za wanawake wazima ambao miili na akili zao zilikuwa zimepoa kwa namna moja. Mwaka 1891 daktari George Murray, wa mji wa Newcastle huko Uingereza, alimdunga mgonjwa wa aina hiyo maji yaliyokamuliwa kutoka katika thairoidi ya kondoo. Mama huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 46, alirudiwa na uchangamfu, akaishi miaka mingine 28. Mnamo tarehe 25 Desemba 1914 Edward Kendall wa Marekani alifaulu kuitenga thairoksini ikiwa safi. Leo hutengenezwa viwandani, nayo hutolewa kwa vidonge. Hivyo, akili iliyodhaniwa kuwa imechakaa huweza kurudishwa na kidonge kimoja kwa siku, mradi chanzo kimetambuliwa kwa vipimo.

Kwa mtoto aliye tumboni jambo ni zito zaidi. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba thairoidi ya mtoto haijaanza kazi, naye hutegemea thairoksini ya mama yake. Wakati huo ndipo seli za ubongo zinapohamia mahali pake na kuanza kuungana. Upungufu mkubwa katika kipindi hicho huacha ulemavu wa akili, na pengine uziwi, usioondolewa na dawa yoyote baadaye. Jambo hilo lilithibitishwa nchini Papua New Guinea na jaribio lililoanza mwaka 1966, ambapo familia moja ilidungwa mafuta yenye iodini na iliyofuata ikadungwa yasiyo nayo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1971: mama waliopata iodini kabla ya kushika mimba waliepukana na msiba huo karibu kabisa. Kwa hiyo ukungu wa mtu mzima huweza kuondoka, lakini hasara ya mtoto wa tumboni hudumu maisha yote. Ndiyo sababu kinga hapa ni bora kuliko tiba.

3. Historia ya tatizo nchini Tanzania

Iodini nyingi duniani imo baharini. Sehemu yake huinuka hewani, hurudi ardhini pamoja na mvua na kuingia katika udongo, kisha katika mimea na wanyama. Lakini katika nchi za milima mvua zilezile huuosha udongo kwa maelfu ya miaka na kuirudisha iodini baharini. Mahindi yaliyopandwa katika udongo huo yaweza kuwa mazuri kwa macho na matamu kwa ulimi, lakini iodini yake ni haba.

Ndiyo maana rovu lilienea sana katika Nyanda za Juu Kusini na katika baadhi ya mikoa ya magharibi. Kwa jirani zetu, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, kilijulikana na wataalamu tangu miaka ya 1960 kwa sababu hiyohiyo. Muhogo mchungu usioandaliwa vema huongeza tatizo, kwa kuwa sumu yake hugeuzwa mwilini kuwa kemikali inayoizuia thairoidi isinase iodini.

Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba robo ya wananchi wa Tanzania walikuwa na rovu. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1973 na ambayo makao yake yalikuwa kando ya bahari katika Ilala hii hii, ilikuwa katika mstari wa mbele wa mapambano. Kuanzia mwaka 1986 wananchi wa wilaya zilizoathirika zaidi waligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini. Hiyo ilikuwa hatua ya dharura. Hatua ya kudumu ilikuwa kuitia iodini chumvi yote ya kula, nayo ilishika nguvu katika miaka ya 1990 kwa msaada wa sheria. Wananchi waliifahamu kwa jina la "chumvi yenye madini joto".

Matokeo yalionekana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba nyumba 84 hivi katika kila 100 zilikuwa zikitumia chumvi yenye iodini, na kwamba rovu miongoni mwa watoto wa shule lilikuwa limeshuka hadi asilimia 7 hivi. Mafanikio ya namna hii, yaliyopatikana ndani ya miaka ishirini bila ya kumtaka mtu abadili chakula chake, ni machache katika historia ya afya.

Je, watoto hao walisoma vizuri zaidi? Hapa yatupasa tuwe waangalifu. Mwaka 2009 wachumi watatu walitangaza kwamba watoto wa Tanzania waliokingwa na vidonge hivyo wakiwa tumboni walisoma kwa muda mrefu zaidi, kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka, na kwamba wasichana ndio waliofaidika zaidi. Habari hiyo ilienea duniani. Baadaye wachunguzi wengine walizirudia hesabu zile na kuongeza takwimu mpya, wasiyaone matokeo yaleyale. Mwanafunzi asifadhaike kwa hilo. Kwamba iodini hulinda ubongo ni jambo lililothibitishwa kwa njia nyingine. Kiasi cha faida yake katika miaka ya shule ni swali la pili, na jibu lake bado linatafutwa. Sayansi huendelea kwa kukubali kupimwa tena.

4. Fumbo la Pemba

Yamkini msomaji wa Pwani atasema: "Sisi tunakula samaki na kupumua upepo wa bahari. Tatizo hilo ni la watu wa milimani." Wataalamu wengi nao walidhani hivyo. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule wa Zanzibar, na kutangazwa mwaka 2006, ulikuta rovu kwa watoto 21 hivi katika kila 100 huko Unguja, na 32 katika kila 100 huko Pemba. Iodini katika mikojo ya watoto wa Pemba ilikuwa chini sana kuliko ile ya wenzao wa Unguja.

Sababu haikuwa ngumu kuiona. Chumvi iliyoanikwa katika mashamba ya chumvi ya pwani hutoka baharini, lakini maji yakikauka iodini iliyobaki katika chembe zake ni kidogo mno. Chumvi ya bahari isiyotiwa iodini haimkingi mtu, hata akiishi hatua kumi kutoka ufukweni. Wakati ule chumvi iliyotiwa iodini ilikuwa haijaenea Pemba kama ilivyoenea kwingineko. Fundisho kwa mkazi wa Ilala ni dhahiri: ukaribu wa bahari si kinga. Kinga ni kilichomo ndani ya pakiti.

5. Hesabu ya kiganja cha chumvi

Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mama mjamzito 250. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Tukizidisha 150 kwa siku 365, kisha kwa miaka 70, tunapata gramu 3.8 hivi. Yaani iodini yote anayoihitaji mtu tangu ujana hadi uzee haijazi kijiko kimoja cha chai. Lakini haiwezi kuliwa yote kwa siku moja na kuwekwa akiba ya maisha. Lazima ije kidogo kidogo.

Chukulia sasa kwamba kilo moja ya chumvi ina miligramu 30 za iodini. Gramu 5 za chumvi hiyo, ambazo ni kama kijiko cha chai na ambazo mtu mzima anashauriwa asizizidi kwa siku, zitampatia mikrogramu 150 kamili. Ndiyo sababu chumvi ilichaguliwa. Tajiri na maskini huila, na hula karibu kiasi kilekile kila siku.

Lakini iodini hupotea. Katika masoko yetu ipo chumvi ya pakiti iliyofungwa, na ipo chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo kutoka katika gunia lililo wazi. Chumvi inayokaa wazi katika unyevu na jua hupoteza iodini yake polepole. Sehemu nyingine hupotea jikoni. Kwa hiyo inunuliwe iliyofungwa na yenye maandishi ya kuonyesha kwamba ina iodini, itunzwe katika chombo chenye kifuniko mbali na jiko, na itiwe chunguni karibu na mwisho wa mapishi.

Wala isidhaniwe kwamba kuzidisha chumvi ni kuzidisha akili. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na iodini nyingi kupita kiasi huweza nayo kuivuruga thairoidi. Uchunguzi uleule wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wapo watoto waliopata iodini pungufu, na wapo pia waliopata kupita kiasi. Kinachotakiwa ni kadiri, si wingi.

6. Jaribio la darasani

Chumvi yetu hutiwa iodini katika umbo la iodeti ya potasi. Umbo hilo halibadili rangi ya wanga peke yake. Ni lazima kwanza iodini ifunguliwe.

Vifaa: chumvi za aina tatu au nne kutoka masoko na maduka mbalimbali, chumvi safi ya maabara isiyo na iodini, uji mwepesi wa wanga uliopoa, iodidi ya potasi, siki nyeupe na visahani vyeupe.

Njia: Yeyusha iodidi ya potasi kidogo katika uji wa wanga. Weka kijiko kimoja cha kila chumvi katika kisahani chake na kukiandika namba. Dondoshea matone kadhaa ya siki, kisha matone kadhaa ya uji. Subiri dakika moja na uandike rangi uionayo. Chumvi iliyotumika isiliwe.

Maelezo: Penye asidi, iodeti na iodidi hupambana na kuifungua iodini, nayo huugeuza wanga kuwa wa buluu au zambarau. Rangi ikikoza, iodini ni nyingi zaidi. Chumvi ya maabara isibadilike rangi; ikibadilika, basi iodidi iliyotumika imeharibika na jaribio lote halina thamani. Usitumie ndimu badala ya siki, kwa kuwa vitamini C iliyomo huiondoa iodini na kuifuta rangi, nawe ukamdhania muuzaji asiye na kosa.

7. Si kila ukungu hutokana na thairoidi

Itakuwa kosa msomaji akiyaweka makala haya chini na kuanza kumtangazia kila mwanafunzi mzito kwamba ana ugonjwa wa tezi. Wengi wa wanaosinzia darasani wamekosa usingizi au chai ya asubuhi, au wana malaria, upungufu wa damu au huzuni ya nyumbani. Homoni nyingine pia zina sehemu yake. Insulini isipotawala sukari ya damu ipasavyo, fikra huchafuka. Wanawake wanaokaribia kukoma hedhi, na miongoni mwao wamo walimu wetu, aghalabu huona majina na maneno yakiwaponyoka, wala si kwa uzembe.

Tena, mtu aweza kupata iodini ya kutosha na bado thairoidi yake ikalegea, kwa mfano kinga ya mwili inapoishambulia tezi yenyewe. Jambo hili huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na huweza kutokea baada ya kujifungua. Mtu wa namna hiyo hatibiwi kwa chumvi. Anahitaji kipimo cha damu, ambacho huonyesha amri ya pituitari imepanda kiasi gani na thairoksini imeshuka kiasi gani, kisha dawa kwa kipimo cha daktari. Asianze wala asiache vidonge kwa ushauri wa jirani.

8. Hitimisho

Tumezoea kuigawanya elimu: akili ni kazi ya mwalimu, mwili ni kazi ya mganga. Thairoidi hutufundisha kwamba mpaka huo haupo. Molekuli ndogo yenye atomi 4 za iodini ikipungua, nia njema na bidii hazitoshi. Basi mwalimu anapoishika kalamu kuandika "Aongeze bidii", na atue kidogo ajiulize maswali mawili matatu: Je, mabadiliko haya yalianza lini? Anaona baridi? Shingo yake imevimba? Amewahi kupimwa? Kumwita mzazi na kumshauri ampeleke mtoto hospitali ni kazi ya dakika tano. Kumwita mtoto mvivu ni kazi ya dakika moja, lakini jina hilo huweza kumfuata maisha yake yote.

Maswali

1. Eleza kwa kutumia mrejesho kwa nini rovu ni dalili ya tezi inayojitahidi, wala si tezi iliyolala.

2. Kilo moja ya chumvi ina miligramu 20 za iodini wakati wa kuliwa. Mama mjamzito anayekula gramu 5 kwa siku atapata sehemu gani ya mahitaji yake? Je, utamshauri aongeze chumvi? Toa sababu.

3. Kwa nini mtu aishiye kisiwani aweza kukosa iodini?

4. Katika jaribio la sehemu ya 6, chumvi ya maabara ina kazi gani? Matokeo yangeweza kupotosha vipi kama isingalikuwapo?

5. Jadilini: Wachunguzi wawili wakitofautiana juu ya jambo moja, msomaji afanye nini?